Bado niko kazini: kwa nini nilazimishwe kutoa akiba ya uzeeni?

SWALI: Agosti hii ya 2026 natimiza miaka 73. Ni muuguzi hospitalini hapa Maryland na sina nia ya kuacha kazi karibuni. Nguvu ninazo, na deni la nyumba bado lipo. Januari nilipata barua kutoka kampuni inayotunza IRA yangu (akaunti ya uzeeni niliyojifungulia mwenyewe), inasema mwaka huu lazima nitoe dola 3,000. Mwenzangu wa zamu anasema wamekosea, kwamba mtu aliye kazini halazimishwi kutoa kitu. Akaunti zangu, kwa salio la mwisho wa Desemba 2025, ni hizi: 403(b), yaani mpango wa akiba ya uzeeni kupitia mwajiri, ya hospitali hii, dola 118,000, 401(k), mpango wa namna hiyohiyo, niliyoiacha kwenye nyumba ya wazee nilikofanya kazi zamani, 53,000, IRA yenyewe, 79,500, Roth IRA ndogo, 11,000, na 401(k) ya kampuni ya mwanangu inayohudumia wazee majumbani, 10,600. Huko kwa mwanangu nafanya kazi baadhi ya wikiendi. Kampuni ni yake yote, mimi sina hisa hata moja. Nani mkweli, barua au mwenzangu? Na kama ni lazima nitoe, naweza kutoa zote kwenye akaunti moja nikamaliza?

JIBU: Shikamoo mama. Barua iko sahihi. Mwenzako naye hakutunga. Anachokisema kimo ndani ya sheria, ila katika akaunti zako tano kinaihusu moja tu.

Watu wengi huchanganyikiwa hapa kwa sababu husikia neno "yuko kazini" wakadhani sheria inamtazama mtu. Haimtazami mtu. Inaitazama akaunti moja moja na kuuliza: hii ni ya mwajiri gani, na huyu mama bado anamfanyia kazi mwajiri huyo? Msamaha unaifuata kazi uliyonayo leo. Akiba ya kazi uliyoiacha, na akiba uliyojifungulia mwenyewe benki, hazina habari na zamu zako za usiku.

Kwanza nieleze sharti lenyewe linatoka wapi. Fedha ulizokuwa ukiweka kwenye akaunti hizi hazikukatwa kodi ya mapato siku ulipoziweka, na faida iliyokua juu yake haikukatwa pia. Serikali ya Marekani ilikubali kusubiri, haikukubali kusamehe. Ndiyo maana kuna umri ambao ukifika unatakiwa kuanza kutoa kiasi fulani kila mwaka ili kodi ianze kulipwa, uwe unaihitaji fedha hiyo au huihitaji. Hapa wanaita RMD. Umri huo ulikuwa miaka 70 na nusu kwa muda mrefu. Sheria iliyopita Desemba 2019 ikausogeza hadi 72, na nyingine ya Desemba 2022 ikaufanya 73. Waliozaliwa kati ya 1951 na 1959 wako kwenye 73. Waliozaliwa 1960 na kuendelea watasubiri hadi 75.

Kwako wewe uliyezaliwa 1953, mwaka wa kwanza ni 2026 wote mzima. Usihesabu kuanzia Agosti. Sheria inatazama mwaka unaotimiza umri, haitazami siku ya kuzaliwa. Kwa mara ya kwanza tu wanakupa muda wa ziada hadi tarehe 1 Aprili 2027. Baada ya hapo, kila mwaka mwisho ni Desemba 31.

Msamaha wa walio kazini nao una historia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 hata mfanyakazi aliyekuwa bado anapiga kazi alilazimika kuanza kutoa akifika 70 na nusu. Sheria ya 1996 ndiyo iliyorudisha unafuu: kwenye mpango wa mwajiri unayemfanyia kazi, unaweza kungoja hadi tarehe 1 Aprili ya mwaka unaofuata ule uliostaafu. Unafuu huo unahusu 401(k), 403(b) na 457(b) za serikali. IRA haimo, na haijawahi kuwemo tangu wakati huo. SEP na SIMPLE IRA hazimo vilevile, ingawa mwajiri huzichangia, jambo linalowakwaza wengi wanaofanya kazi kwenye biashara ndogo.

Sasa tuziangalie zako.

403(b) ya hospitali haikulazimishi kitu mwaka huu, wala mwaka ujao, maadamu uko kazini hapo. Lakini usikae na jibu langu tu. Sheria inaruhusu mpango kutoa msamaha huu, haiuamrishi. Mwajiri anaweza kuandika kwenye masharti yake kwamba kila mtu ataanza kutoa akifika 73, kazini au la. Piga simu kwa watu wa utumishi, au kwa kampuni inayouendesha mpango, uulize hivi: "Mpango wetu unaruhusu mfanyakazi aliye kazini aahirishe RMD hadi astaafu?" Omba jibu la maandishi.

401(k) ya nyumba ya wazee ni ya mwajiri uliyeachana naye. Hapo msamaha haupo. Unagawa salio la Desemba 31 ya mwaka uliopita kwa namba iliyo kwenye jedwali la IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Ya mwenye miaka 73 ni 26.5. Dola 53,000 kwa 26.5 ni dola 2,000. Mwakani namba itashuka kuwa 25.5, mwaka wa tatu 24.6, na kadiri umri unavyopanda ndivyo sehemu unayotoa inavyokuwa kubwa. (Ukiwa na mume aliye mdogo kwako kwa zaidi ya miaka 10, na yeye peke yake ndiye uliyemwandika kuwa mnufaika, lipo jedwali jingine linalopunguza kiasi. Hukutaja, kwa hiyo nimetumia la kawaida.)

IRA: 79,500 kwa 26.5 ni dola 3,000, kama barua inavyosema. Kampuni zinazotunza IRA zinatakiwa kumwarifu mwenye akaunti kabla ya Januari kwisha, ndiyo maana barua imekufikia. Nyumba ya wazee haikukuandikia kwa sababu mipango ya waajiri haibanwi na sharti hilo la barua. Ukimya wao usikudanganye.

Roth IRA iache ilivyo. Fedha zake zilikwisha kulipiwa kodi, na mwenye akaunti halazimiki kutoa chochote akiwa hai. Tangu 2024 hata sehemu ya Roth iliyo ndani ya 401(k) au 403(b) imeondolewa kwenye sharti hili.

Inabaki ya mwanao, na hapa ndipo ningeomba ukae vizuri usome, kwa sababu ndiyo itakayokuponyoka.

Msamaha wa walio kazini haumhusu mtu anayemiliki zaidi ya asilimia 5 ya biashara. Waliotunga sheria hawakutaka mwenye kampuni ajiandike kazini hadi miaka 95 ili akwepe kodi. Utasema, lakini mimi sina hisa. Ni kweli huna. Sheria ya kodi lakini inahesabu hisa za familia kwa pamoja: anachomiliki mumeo, watoto wako, wajukuu wako au wazazi wako kinahesabiwa kana kwamba ni chako. Mwanao ana asilimia 100, basi kwa macho ya IRS nawe una asilimia 100 ya kampuni usiyokuwa na hata kiti chake. Matokeo yake, ile 401(k) ya wikiendi inaanza kutolewa mwaka huu kana kwamba umeacha kazi: 10,600 kwa 26.5 ni dola 400.

Ajabu ya kanuni hii, kwetu sisi tunaohesabu ukoo hadi kwa binamu wa mjomba, ni kwamba ndugu wa tumbo moja hawamo. Kampuni ingekuwa ya kaka yako, usingeguswa. Shemeji, mpwa, wifi, wote nje.

Kuna kitu kingine ambacho Wamarekani hawakioni na sisi tunakijua. Mendeshaji wa mpango wa 401(k) huuliza wafanyakazi gani wana undugu na mwenye kampuni, na mara nyingi hukisia kwa jina la ukoo. Mwanao anabeba jina la baba yake, wewe la baba yako. Hakuna atakayekisia kwamba ninyi ni mama na mwana kama mwanao hakusema. Mwambie amwandikie mendeshaji wa mpango sasa, akutaje kama mzazi wa mwenye kampuni. Na asifikirie kuuza hisa mwakani ili akuokoe: kinachotazamwa ni umiliki katika mwaka wa mpango unaoishia ndani ya mwaka uliofikisha 73. Ukishaingia kwenye orodha hiyo, kwa mpango huo hutoki hata kampuni ikipata mmiliki mwingine. Kwa dola 400, mimi ningetoa nikaendelea na shughuli zangu.

Jumla basi ni dola 5,400: elfu mbili, elfu tatu, na mia nne. Umeuliza kama unaweza kuzitoa zote mahali pamoja. Hapana, na hili limewatoza watu adhabu wakiwa na nia njema kabisa. Ungekuwa na IRA mbili au tatu, ungekokotoa ya kila moja, ukajumlisha, ukatoa jumla kwenye yoyote uipendayo. Akaunti za 403(b) nazo huruhusiwa kujumlishwa zenyewe kwa zenyewe. Lakini 401(k) kila moja inasimama peke yake, na aina haziingiliani. Ukitoa dola 5,400 zote kwenye IRA, kwa upande wa IRA utakuwa umezidisha, na kwa upande wa zile 401(k) mbili utahesabiwa hukutoa kitu. Kwa hiyo ni maombi matatu, kwa kampuni tatu.

Adhabu ya kutotoa ilikuwa nusu nzima ya kiasi ulichopaswa kutoa. Tangu 2023 ni asilimia 25, na inashuka hadi 10 ukirekebisha ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida unakwenda hadi mwisho wa mwaka wa pili baada ya ule ulioteleza. Kwa IRA yako hiyo ni dola 750, au 300 ukiwahi. Ikitokea umepitiwa kwa sababu ya kueleweka, toa fedha mara moja, jaza Fomu 5329, ambatisha barua fupi ya maelezo na uombe wakusamehe. Huwa wanasamehe. Wasichokipenda ni mtu kukaa kimya.

Je, usubiri hadi Aprili 2027 kwa vile umeruhusiwa? Sikushauri. Ukiahirisha, mwaka 2027 utatoa mara mbili, ya kwanza kabla ya Aprili kuanza kusonga na ya pili kabla ya Desemba kwisha, na zote zitaingia kwenye fomu za kodi za mwaka mmoja juu ya mshahara wako kamili. Kipato kikipanda, sehemu ya Social Security (pensheni ya serikali) inayotozwa kodi nayo hupanda, hadi asilimia 85, na ada ya Medicare, bima ya afya ya wazee, huamuliwa kwa kutazama kipato cha miaka miwili nyuma. Kuahirisha kunamfaa mtu anayejua mwakani hatakuwa na mshahara. Wewe sivyo.

Hapa kuna njia ninayowapa walio kwenye hali yako, na inanishangaza jinsi isivyotumiwa. Huzuiwi kuendelea kuchangia 403(b) ya hospitali, hata kama mkono mwingine unalazimishwa kutoa kwingine. Kikomo cha mchango wa mfanyakazi kwa 2026 ni dola 24,500, na aliyefikisha miaka 50 anaongeza 8,000. Kama hujafika huko, nenda ubadilishe mchango wako ili kwa mwaka huu uongezeke kwa dola 5,400, za kabla ya kodi. Mshahara unaofika mkononi utapungua, na pengo utaliziba kwa zile ulizotoa kwenye IRA na 401(k). Kipato kinachotozwa kodi ya mapato kitabaki karibu palepale, na akiba yako kwa jumla haitapungua. Imehama tu, kutoka kwenye akaunti zisizo na msamaha kwenda kwenye ile yenye msamaha.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, uliza hospitali kama mpango wao unapokea fedha kutoka mipango ya zamani na kutoka IRA. Mingi inapokea. Ukiihamishia humo 401(k) ya zamani na IRA, kuanzia 2027 hutalazimika kutoa senti kwenye fedha hizo hadi uache kazi ya hospitali. Ila mpangilio wa hatua una maana sana. Ungeyafanya haya kabla ya mwisho wa 2025, hata RMD ya mwaka huu isingekuwapo kwa akaunti hizo mbili. Sasa mwaka umeshaingia, na fedha za RMD haziruhusiwi kuhamishwa. Kwa hiyo unatoa kwanza zile 2,000 na 3,000, ndipo unahamisha kilichobaki, moja kwa moja kutoka kampuni kwenda kampuni, hundi isipitie mkononi mwako. Kwenye IRA, kinachokubalika kwenda kwa mwajiri ni sehemu isiyolipiwa kodi tu. Kama kuna miaka uliyochangia fedha zilizokwisha kukatwa kodi, nitafute kabla hujasaini chochote. Roth IRA haihamishiki humo.

Kabla ya kuhamisha, linganisha ada. IRA yako inaweza kuwa na mifuko ya uwekezaji ya bei nafuu kuliko ile iliyochaguliwa na hospitali, na wakati mwingine ukishaingiza fedha kwenye mpango wa mwajiri kuna masharti ya kuzitoa ukiwa kazini. Kuepuka RMD ya elfu tano ili ulipe ada ya asilimia moja zaidi kila mwaka juu ya laki na ushee ni hasara iliyovaa nguo za faida.

Siku ya kuacha kazi nayo ipangie. Ukiondoka mwezi wowote wa mwaka, mwaka huo wote unahesabiwa kuwa wa kwanza kwa fedha zilizo kwenye mpango wa hospitali, na RMD yake inakokotolewa kwa mwaka mzima. Tuseme umechoka Desemba 2029: ukisaini kuondoka katikati ya mwezi huo, 2029 imeingia. Ukifanya kazi hadi siku chache za Januari 2030, mwaka wa kwanza ni 2030, na mwisho wa kutoa ni tarehe 1 Aprili 2031. Zamu mbili tatu za Januari zinakununulia mwaka. Kupunguza saa hakukuondolei msamaha moja kwa moja, kwani sheria haikutaja idadi ya saa. Mradi mwajiri anakuhesabu mfanyakazi kwa kweli. Kubaki jina kwenye orodha bila kupangiwa zamu kwa miezi ni jambo jingine, na hilo waulize wenye mpango.

Kama unatoa sadaka, IRA ina mlango wake. Aliyefikisha miaka 70 na nusu anaweza kuiagiza kampuni ya IRA itume fedha moja kwa moja kwa shirika la hisani. Zinahesabiwa kwenye RMD na haziingii kwenye kipato chako. Msikiti, kanisa au shirika hilo liwe limetambuliwa na IRS. Fedha za kumalizia paa la madrasa Tanga, hata ziwe na thawabu kiasi gani, haziingii hapa ukizituma mwenyewe. Na 401(k) haina njia hii.

Unapojaza maombi utaulizwa kodi ikatwe kiasi gani juu kwa juu. Usipojibu watakata asilimia 10. Kwa mtu mwenye mshahara kama wako huenda hiyo isitoshe, basi ama uongeze hapo ama uongeze makato kazini.

Hukuuliza kuhusu kurudi nyumbani, lakini wengi wenye umri wako wananiuliza, kwa hiyo niiseme. Ukiwa raia wa Marekani, RMD itakufuata hata ukiwa Tanga, na fedha zikitumwa kwenye anwani au benki iliyo nje ya Marekani huruhusiwi kukataa makato ya juu kwa juu. Aliyerudisha kadi ya ukaazi na kuhesabiwa mgeni hukatwa asilimia 30 kwa kawaida, kwa sababu Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, wala na Kenya. Kabla ya kufunga mizigo, acha akaunti ya benki hapa iwe wazi kwa jina lako, na hakikisha kila kampuni ina anwani na simu inayokufikia, maana huwa wanatuma namba ya uthibitisho kwenye simu ya Marekani ambayo laini yake imeshakatwa.